Fremu namba mbili: mpangaji wangu alipokutwa na mirungi

Upande wa Kenya mirungi, wenyewe wanaiita miraa, ni zao halali. Mwaka 2016 walirekebisha Sheria yao ya Mazao wakaitambua rasmi, na mkulima wa Meru anasomesha watoto kwa shamba lake bila kujificha kwa mtu. Ukishavuka mpaka wa Holili kuja kwetu Tanzania, kibunda kile kile kilichofungwa kwa jani la mgomba kinageuka dawa ya kulevya. Kimo kwenye Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, sheria moja na heroini na kokeini, na mzigo ukiwa mkubwa adhabu inafika kifungo cha maisha. Sisi wenye nyumba wa Moshi mpaka huo tunaujua kwa bei ya sukari na mafuta ya kula. Wengi wetu hatujui kwamba sheria hiyo inamtaja na mwenye jengo.

Inamtaja hivi: anayemiliki au kusimamia nyumba, chumba au eneo, akiruhusu kwa kujua litumike kwa kosa la dawa za kulevya, naye ana kosa lake. Kanuni ya Adhabu inafanya vivyo hivyo kwa danguro. Anayepangisha huku akijua nyumba inakwenda kufanywa danguro anashtakiwa yeye mwenyewe, na wakala wake pia. Kwa hiyo mambo yote yanaishia kwenye swali ambalo nimelijibu nikiwa kwenye benchi la kituo cha polisi: ulijua, na ulipojua ulifanya nini?

Naandika kwa ajili ya wanaopangisha kama mimi. Makampuni yenye mameneja na wanasheria wana namna zao. Sisi tuna nyumba aliyoacha mzee mtaani Majengo: nyumba kubwa mbele, fremu mbili za maduka zinazotazama barabara, na vyumba vya uani. Baba alipofariki kikao cha familia kiliniachia mimi usimamizi kwa sababu ndiye niliyebaki Moshi. Kaka yuko Dar, mdogo wetu wa kike yuko Muscat. Kodi ya fremu ndiyo dawa za presha za mama, na kodi ya uani ndiyo ada za wajukuu. Mtu akisema "mfukuze tu mpangaji" huwa namuuliza kama atanunua yeye dawa za mwezi huo.

Mpangaji wa fremu namba mbili aliletwa na dalali. Kijana mtanashati, salamu zake zimenyooka, akasema anataka kuuza soda na maji kwa jumla. Nilifanya naye kama ninavyofanya na kila mtu: nakala ya kitambulisho cha NIDA, picha mbili, wadhamini wawili wenye simu zinazopokelewa, na barua ya mwenyekiti wa mtaa alikotoka. Kisha tukaongozana hadi kwa mwenyekiti wa mtaa wetu akaandikwa kwenye daftari la wakazi. Kaka aliposikia alicheka kwenye simu: "Dada, unampangisha au unamwozesha?"

Mkataba uliandikwa na wakili, si yale makaratasi ya kununua stesheneri na kujaza nafasi. Nasisitiza hili kwa sababu hapa kwetu mkataba ndio karibu kila kitu. Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba iliyompa mpangaji ulinzi mkubwa. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo tunaongozwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na yale tuliyoandikiana. Kilichoandikwa kwenye wetu ni kwamba fremu itatumika kwa vinywaji baridi pekee, kwamba matumizi mengine yoyote ni uvunjaji wa mkataba, kwamba mwenye nyumba anaweza kukagua jengo kwa taarifa ya maandishi ya siku tatu, na kwamba kodi inalipwa kila miezi mitatu kupitia akaunti ya benki. Kifungu cha benki nilikiweka kwa ajili ya kaka, asije akasema nakula kodi ya familia. Sikujua kitanisaidia kwa jambo jingine kabisa.

Dalili ya kwanza niliiona kwenye umeme. Fremu hiyo ina mita yake ya LUKU, na nilizoea kuona wapangaji wa vinywaji wakilia kila baada ya siku chache kwamba uniti zimeisha, maana friji la soda halina huruma. Huyu hakuwahi kulia. Friji la kioo lilikuwepo, limewekwa mbele kabisa lionekane, lakini ukilishika lina joto la chumba. Kreti za soda zilikuwa zile zile, na vumbi lake. Duka lilifungwa saa ambazo wenzake wanauza. Lilifunguliwa kabla ya adhana ya alfajiri.

Hilo la alfajiri aliniambia mama wa chumba cha pili, ambaye huamka mapema kuandaa vitumbua. Alikuja akainama kama anachagua mchicha bustanini kwangu. "Shikamoo dada. Mimi simo, lakini boda boda zinazokuja usiku hazibebi soda." Nikamuuliza zinabeba nini. Akasema yeye anajua vitumbua.

Anayeifahamu mirungi ataelewa kwa nini alfajiri. Jani likishachumwa nguvu yake haikai, siku mbili tu limeshakuwa kuni. Ndiyo maana hufungwa kwa majani ya migomba na kunyunyiziwa maji, na ndiyo maana wasafirishaji wake wanaendesha kama wanakimbiza mgonjwa. Mzigo ukipita njia za panya usiku, lazima upokelewe, ugawanywe na kuondoka kabla watu hawajaenda kazini. Fremu inayotazama barabara, yenye mlango mwingine wa kutokea uani, inafaa sana kwa kazi hiyo. Mtu hahitaji ghala la siri, anahitaji saa moja na nusu ya utulivu.

Nilipomsimulia kaka, jibu lake lilikuwa la haraka: badilisha kitasa, vitu vyake toa nje, akija mwambie akashtaki. Wenye nyumba wengi wangesema hivyo. Kuna mzee mmoja wa mtaa wa jirani alifanya hivyo kwa mpangaji aliyekuwa akipika gongo. Alipiga kufuli lake juu ya kufuli la mpangaji, akakaa kibarazani anasubiri kupongezwa. Mpangaji hakwenda polisi kulalamikia gongo yake, hakuwa mjinga. Alikwenda Baraza la Ardhi na Nyumba na orodha ndefu ya mali alizodai zimefungiwa ndani: magodoro, redio, fedha taslimu ndani ya kabati. Mzee hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha nini kilikuwemo siku aliyofunga. Akalipa. Gongo haikuwahi hata kutajwa.

Na hata kuingia tu ndani wakati mpangaji hayupo, "niangalie kidogo", ni hatari. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na maskani yake, na mpangaji akishalipa kodi, ile ni maskani yake, hati iwe kwa jina la nani. Tena fikiria umeingia peke yako, ukakuta gunia, ukaligusa. Siku ya mahakamani wakili wa mshtakiwa atauliza swali jepesi sana: mheshimiwa, nani mwingine alikuwa na ufunguo?

Nikatumia mkataba. Fremu ilikuwa inavuja kweli, mvua za Aprili ziliacha alama ya kahawia kwenye dari, na yeye mwenyewe alishalalamika. Nikaandika taarifa ya siku tatu kwamba nitakuja na fundi wa bati, akasaini nakala. Nikamwomba na mjumbe wetu aje. Siku ilipofika mwenyewe alitufungulia, mchangamfu, anatoa soda za bure, za moto. Sakafu ilikuwa na majimaji. Kwenye kona kulikuwa na magunia yaliyolowa, na majani ya migomba yamerundikwa nyuma ya kreti. "Ndugu yangu anauza ndizi, mama," alisema kabla sijauliza. Sikuuliza. Fundi alipokuwa anasogeza ngazi aliokota kijiti chembamba chekundu chenye majani mawili nchani, akakinusa, akanitazama, akakirudisha chini taratibu pale pale alipokitoa. Fundi wangu ni mtu wa Same, wilaya inayojulikana kwa mirungi, hakuhitaji kufundishwa.

Sikufungua gunia. Lakini nilipofika nyumbani niliandika kwenye daftari langu la kodi tarehe, saa, tuliokuwepo na nilichokiona, maana kuanzia siku hiyo nisingeweza tena kusema nilisikia tu maneno ya watu. Hapa ndipo wenye nyumba wengi wanapochagua kutokujua. Wanaacha kukagua, wanaacha kupita, kodi inaingia, na wanaamini kwamba macho yaliyofumbwa ni kinga. Wakili wangu, mama mmoja asiye na mchezo, aliniambia mahakama haidanganyiki kirahisi hivyo. Mtu aliyeziona dalili zote akakataa kusudi kutazama anaweza kuhesabiwa kuwa alijua.

Juma lililofuata kodi ikawa imefika, na mpangaji hakwenda benki. Alikuja nyumbani jioni. Tulikuwa tunamenya ndizi za mtori, mama amekaa kwenye kigoda chake.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu mwanangu," mama akajibu, anampenda kila anayemsalimu.

Akatoa bahasha ya kaki, nene, akaiweka juu ya meza kando ya sinia la maganda. "Nimeleta ya miezi sita, mama. Na nimeongeza juu kidogo, najua bibi anaumwa."

Ile "kidogo" ilikuwa inakaribia kodi ya miezi mingine sita. Mama aliangalia bahasha, akaniangalia mimi. Sitajifanya kwamba haikuwa fedha ya maana kwetu. Nikamwambia mkataba unasema miezi mitatu na unasema benki, siwezi kupokea mkononi. Akasisitiza kwa adabu, nikakataa kwa adabu, akaichukua. Kesho yake asubuhi nilikwenda benki nikaomba waniarifu fedha yoyote ikiingia kwenye akaunti hiyo kutoka kwake. Haikuingia. Nafikiri aliyependa taslimu alikuwa na sababu zake za kutotaka kuacha jina kwenye karatasi ya benki.

Wakili alipoisikia hiyo ya bahasha alikaa kimya, kisha akaniambia kama ningeipokea ningekuwa nimefanya mambo mawili kwa mkono mmoja. Kwanza, anayepokea kodi huku akijua mkataba umevunjwa amekubali mkataba uendelee, na notisi yake ya baadaye inakuwa dhaifu. Pili, kodi iliyozidi bei ya mtaa haionekani tena kama kodi. Inaonekana kama mgawo. Akanitajia na Sheria ya Mazao ya Uhalifu ya mwaka 1991, inayoruhusu mahakama kutaifisha mali iliyotumika katika kosa kubwa. Mtu wa pembeni anaweza kuomba haki yake isiguswe, lakini lazima aonyeshe kwamba hakushiriki. Nyumba ya mzee wangu, iliyojengwa tofali kwa tofali kwa fedha ya kahawa, ilikuwa inaning'inia kwenye bahasha ya kaki.

Basi ikabaki kutoa taarifa. Hili limeandikwa kila mahali kana kwamba ni jambo rahisi. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119, na tuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi tangu 2015. Yote kweli. Lakini mwenye nyumba si mpita njia. Mtoa taarifa wa kawaida anaweza kuwa mtu yeyote kati ya maelfu. Fremu ikivamiwa juma moja baada ya wewe kuikagua na kukataa kodi, mpangaji hahitaji mganga kumwambia nani alisema. Na wewe huwezi kuhama, nyumba haihamishiki.

Ukienda kaunta ya polisi utaandikiwa RB, na ile namba ni ushahidi mzuri kwamba ulisema, siku gani na saa ngapi. Lakini kaunta ni kaunta. Anayesubiri kumwekea dhamana mdogo wake amekaa nyuma yako anasikiliza. Ukipiga simu ya siri unajificha vizuri, ila siku ukiulizwa "ulifanya nini" huna cha kuonyesha. Kwa mwenyekiti wa mtaa nako sikutaka kuanzia. Si kwa sababu namshuku, ila ofisi yake ina viti vinane na masikio kumi na sita.

Wakili ndiye aliyetoa njia. Nilipiga 119 nikaeleza. Halafu yeye akaandika barua ya siri kwa mkuu wa polisi wa wilaya kwa niaba yangu, kurasa mbili, bila mbwembwe: nilichokiona, tarehe, jina la mpangaji, nakala ya kitambulisho chake na ya mkataba. Aliipeleka mwenyewe, na nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ule, wino wa zambarau uliopinda kidogo, ndio nilioushika mkononi wakati nahojiwa baadaye.

Tukagongana hapo na jambo ambalo sikulisoma popote. Aliyenipigia simu kutoka upande wa serikali aliniomba nisimshtue mpangaji: nisimpe notisi, nisibadilishe chochote. Wakili akasema nikikaa kimya muda mrefu bila kuchukua hatua kwenye mkataba, kimya changu kinaanza kufanana na ruhusa. Wote wawili walikuwa sahihi. Tuliandika notisi ya kuvunja mkataba kwa sababu ya matumizi tofauti na yaliyokubaliwa, haikutaja mirungi hata kidogo, nikaisaini ikiwa na tarehe, ikabaki kwenye faili la wakili. Na wakili akamjibu yule ofisa kwa maandishi kwamba tunachelewesha kuipeleka kwa ombi lao. Kwa hiyo hata kusubiri kwetu kukawa na karatasi.

Kuna watu waliniambia baadaye kwamba ningempa tu notisi aondoke zake, salama kwa wote. Labda. Angehamia fremu ya mjane mwingine mtaa wa tatu, na huyo mjane hana wakili.

Walikuja alfajiri, na gari moja lisilo na alama. Walinipigia simu nifike, wakamwita na mwenyekiti. Hati ya upekuzi wakaionyesha. Kilichofuata kilikuwa cha polepole kuliko watu wanavyofikiri: gunia moja moja linafunguliwa, vibunda vinatolewa, vinahesabiwa kwa sauti, vinarudishwa, gunia linafungwa na kuandikwa. Mwenyekiti alihesabu kwa vidole na mimi nilihesabu kimoyomoyo, na mara moja tukatofautiana na yule kijana aliyekuwa anaandika. Tukaomba lihesabiwe upya. Lilihesabiwa. Usione aibu kuomba. Mzigo ule utakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa, na siku ya kesi utaulizwa wewe, si Mkemia, yalikuwa magunia mangapi na yalifungwaje.

Kisha ikaja stakabadhi ya vitu vilivyokamatwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka isainiwe na mwenye mahali au anayekaa hapo, na mashahidi wakiwepo. Nikapewa kalamu: "Mama mwenye nyumba, saini hapa." Hapa palikuwa wapi? Palikuwa kwenye mstari wa aliyekutwa na mali. Pengine ni haraka tu, kulikuwa na giza na tochi ya simu. Nikasema mimi nimeitwa kama mmiliki wa jengo na shahidi, mpangaji ndiye huyo amesimama hapo, naomba iandikwe hivyo. Yule ofisa alivuta pumzi ndefu ya mtu aliyeamka saa nane usiku. Akaandika. Mpangaji akasaini mstari wake, mimi na mwenyekiti tukasaini yetu, nikapiga picha ya karatasi kwa ruhusa yao. Kama kuna jambo moja ningependa lichukuliwe na kila mwenye nyumba, ni kusoma mstari kabla ya kuweka kalamu, hata kama umevaa khanga na ndala na watu wote wanakusubiri.

Maelezo yangu yalichukuliwa kituoni siku hiyo hiyo. Uliwahi kumshuku? Tangu lini? Kodi ya mwisho ulipokea lini? Nani aliyekuambia? Nilijibu kwa faili: mkataba, kitambulisho, barua ya mwenyekiti wa kule alikotoka, taarifa ya ukaguzi aliyoisaini mpangaji, barua yenye muhuri, karatasi ya benki isiyo na kodi mpya. Kuhusu mama wa vitumbua niliomba jina lake libaki kwenye ile barua ya siri, lisiingie kwenye maelezo yanayosomwa mahakamani, na nashukuru halikuingia. Jioni nilikuwa nyumbani nakula mtori uliopoa. Najua mwenye fremu mwingine, kesi ya danguro, aliyelala ndani kwa sababu hakuweza kuonyesha hata jina kamili la aliyempangisha. Alikuwa na namba ya simu tu, imeandikwa "Kijana wa fremu".

Baada ya hapo ikafuata kazi ndogondogo isiyo na sifa. Mpangaji yuko mahabusu Karanga, fremu imejaa kreti na friji, mkataba bado upo. Kukamatwa hakuvunji mkataba. Notisi ile ya kwenye faili ilipelekwa sasa, nakala kwake gerezani, nyingine kwa mkewe, nyingine ikabandikwa mlangoni mwenyekiti akishuhudia. Polisi walipothibitisha kwa barua kwamba wamemaliza na eneo, mkewe akaja na shemeji yake kuchukua vitu. Tuliandika kila kitu, kreti kwa kreti, hadi pazia, wakasaini, mwenyekiti akagonga muhuri. Alikuwa analia. Alikuwa na mtoto mgongoni, na sidhani kama alijua zaidi ya nilivyojua mimi mwanzoni. Kodi aliyokuwa anadaiwa mumewe sikumdai. Kaka hakulipenda hilo. Angegoma kutoka ningelazimika kwenda Baraza la Kata kwanza kwa usuluhishi, ndivyo utaratibu ulivyo tangu 2021, na ukishindikana ndipo Baraza la Ardhi la Wilaya. Haikufika huko.

Isije ikaonekana kwamba sasa nampigia 119 kila mtu. Mwaka huo huo nilikuta mpwa wa mpangaji wa uani anavuta bangi nyuma ya choo. Kisheria bangi na mirungi ziko kwenye kapu moja. Nilimwita mama yake mdogo tukaongea, nikamwambia kijana arudi kwao Rombo kabla ya Jumapili, akarudi. Anayeuza na anayevuta nyuma ya choo sikuwaona sawa, na nikiulizwa nitasema hivyo hivyo. Uani kuna watoto, lakini kijana mwenyewe alikuwa mtoto juzi.

Na kuna la mita. Baada ya yote haya tulifanya ukaguzi wa vyumba vyote kwa taarifa, tukakuta mpangaji mmoja amechokonoa waya ili jiko lake la umeme lisipite kwenye mita. Mita hiyo bado iko kwa jina la marehemu baba. Ukaguzi wa TANESCO ungekuja kabla yetu, mtuhumiwa wa kwanza wa wizi wa umeme angekuwa mtu tuliyemzika. Nilikwenda mwenyewe kutoa taarifa, tukalipa gharama ya marekebisho, mpangaji akanirejeshea kwa awamu, na mita zote nimeanza kuzihamishia jina langu. Kama umerithi nyumba, fanya hivyo mapema. Siku hizi hata kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo jina lililoko kwenye mita ndilo linaloonekana kila upande.

Fremu namba mbili ilikaa bila mtu muda mrefu. Madalali walileta watu, watu wakasikia habari, wakapunguza bei kana kwamba ukuta wenyewe ulikuwa unatafuna mirungi. Aliyeichukua mwishoni ni binti wa saluni. Alisoma mkataba wote, pale pale, amesimama, kisha akauliza kuhusu kifungu cha ukaguzi. Siku tatu sawa, akasema, lakini aandikiwe pia kwamba sitaingia bila yeye kuwepo, na kwamba nikija nitakuja mchana. Wateja wake wanavua mitandio, hataki mafundi wa bati wanaotokea tu. Wakili akaongeza sentensi mbili, akamtoza kila mmoja wetu nusu ya gharama, na kodi ya kwanza imeingia benki.